Wakili wa Kesi za Uhamiaji na Jinai: Tumjue Kabla ya Kumkabidhi Ndugu Yetu

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Katonga

Nasaba za watu wa Katonga, Ujiji na Kibirizi hazikusubiri mipaka ichorwe. Waha, Wamanyema, Wabembe, Wagoma na Warundi wameoana katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika kwa vizazi vingi, na hadi leo ni vigumu kuipata nyumba isiyokuwa na shangazi Kalemie, mjomba Baraka, au babu aliyezikwa Rumonge. Ziwa halikuwatenganisha watu hawa, liliwaunganisha. Lakini sheria za nchi zipo, na sheria hizo zina mpaka unaopita katikati ya maji yale yale tunayovulia dagaa na migebuka.

Kwa sababu hiyo, maswali mawili ambayo kwingine nchini hukutana kwa nadra katika kesi moja, huku kwetu hukutana mara kwa mara. Swali la kwanza ni la jinai: umefanya nini? Swali la pili ni la uhamiaji: wewe ni nani? Kijana aliyekamatwa kwa ugomvi wa nyavu mwaloni anaweza kuanza kwa kuulizwa la kwanza, na kabla jua halijazama akajikuta anajibu la pili. Familia inayomtafutia wakili inahitaji mtu anayeyaelewa maswali yote mawili, maana jibu la moja laweza kuliharibu jingine.

Sisi katika kamati ya msikiti huletewa mambo haya aghalabu yakiwa yamekwisha kuharibika. Bahasha ya mchango hupitishwa baada ya swala ya Ijumaa, fedha hukusanywa, kisha hugundulika kwamba zilikabidhiwa mtu asiyekuwa wakili, au kwamba ndugu yetu alikwisha kukiri kosa asilolifahamu. Ndiyo maana tumeona ni wajibu kuandika juu ya mtu huyu aitwaye wakili: anasomea wapi, anathibitishwa na nani, na familia imuulize nini kabla ya kumkabidhi uhuru wa mtoto wao.

Kosa moja, hukumu mbili

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iitwayo Padilla dhidi ya Kentucky. José Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa ameishi Marekani kihalali kwa zaidi ya miaka 40, na aliitumikia nchi hiyo kama askari katika vita vya Vietnam. Alishitakiwa kwa kusafirisha bangi katika lori lake. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi juu ya ukaazi wake, kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri kosa. Baadaye alitambua kwamba kukiri huko kulimfungulia mlango wa kufukuzwa nchini. Mahakama iliamua kwamba wakili wa jinai anao wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kwamba kukiri kosa kunaweza kumfanya aondolewe nchini. Asiyefanya hivyo hakumtetea ipasavyo.

Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, lakini funzo lake linatuhusu. Mtu asiye raia akitiwa hatiani hapa Tanzania, kumaliza kifungo au kulipa faini si lazima kuwe mwisho wa safari yake, kwani anaweza kuondoshwa nchini baada ya hapo. Wakili anayetazama faini peke yake, akasema "kubali tu, ni pesa kidogo, utoke leo," ameitazama nusu ya kesi.

Raia naye hayuko nje ya hatari. Sheria ya uhamiaji imewawekea adhabu kali wanaosafirisha wahamiaji wasio na vibali: tumesoma mara nyingi habari za madereva waliohukumiwa faini ya Sh milioni 20 au kifungo cha miaka 20. Mwenye mtumbwi anayempakia abiria usiku kwa kuonewa huruma, au kwa nauli ndogo, hana budi kuijua adhabu hiyo. Kadhalika mwenyeji anayemhifadhi jamaa aliyetoka kambi ya Nyarugusu bila ruhusa. Upendo wa damu ni jambo jema, lakini hakimu huuliza kibali.

Ngazi anazopanda wakili

Neno "mwanasheria" na neno "wakili" si kitu kimoja, na hapa ndipo wengi wetu hupotea. Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria, naye anaweza kufanya kazi katika ofisi nyingi. Lakini hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu kama wakili wa kujitegemea mpaka apande ngazi nyingine.

Ngazi ya kwanza ni shahada yenyewe. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru. Leo vyuo vinavyofundisha sheria ni vingi, na miongoni mwavyo kimo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, ambako vijana wetu husoma sheria za nchi pamoja na sharia ya Kiislamu.

Ngazi ya pili ni Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hapo mhitimu hujifunza kuandaa hati za mashitaka na utetezi, kuhoji mashahidi, na kuenenda kama ofisa wa mahakama. Asidhani mtu kwamba ni mlango mwepesi. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka yalipotangazwa matokeo ya kundi moja: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, 342 walitakiwa kurudia mitihani, na 265 waliondolewa. Serikali ikaunda kamati, chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, kuchunguza sababu. Iwe lawama ni ya wanafunzi, ya vyuo au ya shule yenyewe, takwimu hizo zinatuonesha kwamba kuwa na shahada ya sheria hakumfanyi mtu kuwa wakili.

Ngazi ya tatu ni kukubaliwa na kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na jina kuandikwa katika Daftari la Mawakili. Kila wakili hupewa namba yake katika daftari hilo. Tangu hapo huwa mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, kilichoasisiwa mwaka 1954, na hulazimika kuhuisha leseni yake kila mwaka. Asiyehuisha leseni haruhusiwi kufanya kazi ya uwakili mwaka huo, hata awe na mvi na sifa za miaka 30. Zanzibar ina utaratibu wake na chama chake.

Leseni haisemi yote

Jambo moja lifahamike. Leseni ya uwakili hapa kwetu ni moja kwa kazi zote. Hakuna daftari la pekee la mawakili wa uhamiaji wala la mawakili wa jinai. Wakili yule yule anaweza asubuhi kuandika mkataba wa kiwanja, mchana akasimama katika kesi ya mauaji. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1999, ni kosa kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kuwa na sifa zinazotambuliwa. Sisi hatuna mgawanyo wa namna hiyo miongoni mwa mawakili wetu. Kwa hiyo ujuzi maalumu hauonekani kwenye cheti kilichotundikwa ukutani. Unaonekana katika kazi aliyokwisha kuifanya.

Familia ina haki ya kuuliza, tena bila haya. Je, umewahi kutetea kesi za uraia au za kuwepo nchini bila kibali? Zilisikilizwa mahakama gani? Je, umewahi kufungua shauri Mahakama Kuu kupinga amri ya kumwondoa mtu nchini? Unajua tofauti ya vibali vya ukaazi vya daraja A, B na C, na tofauti ya kibali cha ukaazi na kibali cha kazi? Wakili mzoefu hatachukizwa na maswali haya. Atayajibu kwa utulivu, na pale asipojua atasema atamshirikisha mwenzake anayejua.

Wala tusimpime kwa ahadi ya ushindi. Mwanasheria mashuhuri wa Kiingereza, D. N. Pritt, ndiye aliyeongoza utetezi wa Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Mwaka 1953 Kenyatta akahukumiwa miaka saba. Mwaka 1958 Pritt alikuja Dar es Salaam kumtetea Mwalimu Nyerere, aliyeshitakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri katika jarida la Sauti ya TANU. Alisaidiana na mawakili wa hapa, Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Mwalimu akatiwa hatiani, akapewa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye akalipa faini. Mabingwa hao hawakushinda kesi hizo, na historia haikuwadharau. Basi anayekuambia leo kwamba "huyu lazima atoke, mimi na hakimu tunafahamiana," amekutangazia mwenyewe kuwa si wakili mwema. Ama anadanganya, ama anakuita katika rushwa, na fedha ya namna hiyo huliwa na dhambi yake hubaki.

Neno la kwanza mbele ya hakimu

Pahala kesi nyingi za uhamiaji zinapopotea ni siku ya kwanza, pale mshitakiwa anaposomewa mashitaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Mtu aliyelala mahabusu, mwenye njaa na hofu, husema "ni kweli" kwa kuwa ni kweli kwamba alikuwa Katonga siku hiyo, ni kweli kwamba mama yake alitoka ng'ambo. Hajui kwamba neno hilo limekwisha kuwa ungamo la kosa zima.

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu huufuata hadi leo. Mshitakiwa asomewe shitaka na kila kipengele cha kosa, kwa lugha anayoielewa. Maneno yake ya kukiri yaandikwe. Mwendesha mashitaka aeleze maelezo ya tukio. Mshitakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akipinga jambo la msingi, kukiri kwake kufutwe na iandikwe kwamba amekana.

Kiswahili ni lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, na hiyo ni neema kubwa kwetu. Hata hivyo yupo bibi aliyekuja kuuguza mjukuu, asiyejua ila Kibembe au Kirundi. Huyo anastahili mkalimani, na wakili makini huhakikisha mkalimani yupo kabla neno lolote halijaandikwa. Umuhimu wake ni huu: aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hawezi kwa kawaida kukata rufaa kupinga hatia hiyo, hubaki na rufaa juu ya adhabu tu, isipokuwa aoneshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro. Aliyekana shitaka, kesi ikasikilizwa akashindwa, hutakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yake ndani ya siku 45. Zamani watu wa Kigoma waliifuata Mahakama Kuu Tabora. Siku hizi ipo hapa hapa Kigoma.

Na kabla ya mahakama, kipo kituo cha polisi. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inampa mtuhumiwa anayehojiwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki amtakaye, na imeweka saa nne za msingi za mahojiano, zinazoweza kuongezwa kwa utaratibu. Tuwafundishe vijana wetu kuiomba haki hiyo kwa adabu, bila matusi wala kukimbia.

Kazi ya kuthibitisha nasaba

Katika kesi ya uraia, ustadi wa wakili huonekana zaidi katika kukusanya ushahidi kuliko katika ufasaha. Mfano mkubwa ni kesi ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliyoamuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, tarehe 22 Machi 2018. Mwaka 2012 bwana huyu alikwenda kituo cha polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa yake. Uraia wake ukatiliwa shaka, na pasi yake ya kusafiria ikazuiwa. Septemba 2014 akapelekwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wake, akarudishwa, na akaishia kuishi katika eneo lisilo la nchi yoyote mpakani Sirari.

Mahakama iliona kwamba alinyang'anywa uraia wake kiholela, akafukuzwa bila kufuata sheria, na hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Ilisema pia kwamba, kwa kuwa alikwisha kutambuliwa na kupewa hati za uraia, aliyedai kuwa si raia ndiye aliyepaswa kuthibitisha. Ikataja na kipimo cha vinasaba kuwa njia ambayo ingeweza kutumika.

Njia hiyo ya Arusha imekuwa nyembamba. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mashauri mapya ya namna hiyo hayapokelewi. Ushahidi, basi, sharti uwe tayari hapa nyumbani, mapema.

Wakili mzuri atauliza cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, kadi ya kliniki, cheti cha shule, cheti cha ndoa ya wazazi, na majina ya wazee waliomjua babu. Ataona mashahidi wanne wa mtaa wanaopatana ni bora kuliko hotuba ndefu. Lakini hatakubali nasaba ya kutunga. Kusema uongo ili upate uraia ni kosa la jinai, na mbele ya Mwenyezi Mungu ni ushahidi wa uongo. Mteja naye asimfiche wakili wake ukweli: anayoambiwa kwa ajili ya kazi yake ni siri, na sheria inailinda.

Vishoka na namna ya kuwakwepa

Nje ya kila mahakama wapo watu wenye mikoba na maneno matamu. Huandika barua, hugonga mihuri, hupokea fedha, kisha siku ya kesi simu zao hazipatikani. Mitaani huitwa vishoka. Kijana mmoja wa mtaa wetu, mvuvi, alitolewa fedha na mama yake aliyeuza shamba la michikichi. Aliyezipokea hakuwahi kuingia mahakamani hata siku moja.

Kinga yake si ngumu. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili, ambamo mtu yeyote huweza kutafuta jina la wakili na kuona kama yumo daftarini na kama leseni yake ni hai. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kumfanyia mama yake kazi hiyo kwa dakika chache. Pili, dai mkataba wa maandishi unaoeleza kazi gani itafanywa na kwa malipo gani. Tatu, dai risiti. Nne, wakili akikosea maadili, ipo Kamati ya Mawakili kisheria inayopokea malalamiko na inayoweza kumwadhibu, hata kuondoa jina lake daftarini. Kishoka hana daftari la kuondolewa.

Asiye na uwezo naye hakuachwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua taasisi zinazotoa msaada bila malipo, pamoja na wasaidizi wa kisheria walioko katika jamii. Wasaidizi hao hushauri, huelekeza na huandika. Hawasimami mahakamani kama mawakili. Kwa kesi za jinai, mahakama yenyewe yaweza kuelekeza kwamba mshitakiwa asiye na uwezo apatiwe wakili. Aombe, maana asiyeomba mara nyingi hapewi.

Uwakili katika mizani ya dini

Wapo waumini wanaotuuliza: je, kumtetea mshitakiwa si kumsaidia mwovu? Wanazuoni wetu wameandika mlango mzima wa wakala katika fiqhi, na wametaja kwamba Sayyidna Ali, Allah amridhie, alimweka ndugu yake Aqil kumwakilisha katika madai, na Aqil alipozeeka akamweka Abdallah bin Ja'far. Tena tukumbuke kisa kinachotajwa na wafasiri katika Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105. Mtu wa Madina aliiba deraya, akaitupia nyumbani kwa Myahudi, na jamaa zake wakamzunguka Mtume, rehema na amani zimshukie, wakitaka lawama imwangukie yule mgeni wa dini. Wahyi ukashuka kumsafisha asiye na hatia, na kukataza kuwatetea wasaliti.

Aya hizo zimekataza mawili kwa pamoja: kumpamba mhalifu kwa uongo, na kumtwika mzigo asiyehusika kwa kuwa si wa kwetu. Wakili mwema hutembea kati ya makatazo hayo. Hamfundishi mteja kusema uongo. Humlinda asihukumiwe kwa uongo wa wengine au kwa ujinga wake mwenyewe.

Kila nyumba ya Katonga, basi, iwe na bahasha moja ya hati za familia, ihifadhiwe pasipofika maji wala moto. Wazee wakiwa hai, waandikwe: alizaliwa wapi, alikuja mwaka gani, alioa nani, nani aliyekuwa jirani. Majina ya mawakili wawili au watatu waliothibitishwa yajulikane kabla ya dhiki, kama tunavyomjua mkunga kabla ya uchungu. Na kijana anayekwenda ziwani afahamu sentensi moja ya kusema siku akikamatwa: "Naomba kuwasiliana na wakili wangu na ndugu zangu kabla sijatoa maelezo." Aliyeisema kwa heshima hajamkosea ofisa yeyote, na huenda ameiokoa nyumba nzima.